Kadi ya chakula imegoma kwa sababu ya barua: je, huo ni ubaguzi wa rangi?

"Naomba unisaidie kuelewa. Tulitoka Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu, kisha tukaletwa Marekani kama wakimbizi. Sasa mimi na mume wangu ni raia. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na tuna watoto watatu. Juzi kadi yetu ya chakula iligoma dukani. Nilipiga simu, nikasubiri zaidi ya saa nzima, nikaambiwa muda wetu umekwisha kwa sababu sikurudisha fomu ya kuhuisha na sikupokea simu ya usaili. Fomu ilitumwa kwenye nyumba tuliyohama. Simu ilipigwa mchana nimelala, tena kwa namba isiyoonekana. Mwenzangu kazini, Mzungu, anasema sheria ni moja kwa wote, nisitafute ubaguzi mahali usipokuwepo. Jirani yangu, Mmarekani Mweusi, anasema hivi ndivyo walivyofanyiwa tangu enzi za bibi yake. Nani anasema kweli? Na nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana, na pole zaidi kwa ile aibu ya kusimama kaunta na vitu vya watoto huku foleni nzima ikikutazama. Umeuliza mambo mawili. Nitaanza na la pili, kwa sababu hilo lina tarehe.

Msaada wa SNAP, ambao wengi wetu tunauita fudi stempu, hutolewa kwa kipindi maalumu, mara nyingi miezi 6 au 12, na usipohuishwa unakoma wenyewe. Kipindi kikishakwisha, kanuni za serikali kuu zinakupa siku 30 za kurudisha fomu na kufanya usaili bila kurudishwa mwanzo kabisa kama mwombaji mpya. Ukichelewa hivyo, malipo huhesabiwa kuanzia siku ofisi itakapopokea fomu yako, kwa hiyo kila siku inayopita ni chakula kinachopotea. Usingoje mpaka karatasi zote zipatikane. Fomu yenye jina, anwani na sahihi yako inatosha kuwekewa tarehe. Stakabadhi za mshahara zitafuata. Ipeleke mwenyewe ofisini na uombe nakala yako ipigwe muhuri wa siku hiyo, au kama unaituma kwa mtandao, piga picha ukurasa unaothibitisha imepokelewa. Waambie waandike kwenye faili lako kwamba unafanya kazi usiku, wakupigie saa ambazo uko macho, na kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani ni bure. Si kazi ya mtoto wa darasa la saba kuwatafsiria wazazi wake mambo ya mishahara na kodi ya nyumba, ingawa najua katika familia zetu nyingi ndiye anayebebeshwa.

Sasa swali la kwanza. Jirani yako yuko karibu zaidi na ukweli. Mwenzako hajakudanganya, maana maandishi ya sheria kweli hayataji rangi ya mtu. Lakini amesoma sheria, hakutazama njia ambayo mtu anapitishwa mpaka aipate haki iliyoandikwa ndani yake. Na ni katika njia hiyo watu wanaachwa.

Kabla ya mambo ya rangi, kuna dhana moja ambayo nadhani inakuumiza hata wewe mwenyewe: kwamba mtu anayestahili kweli hawezi kukatiwa. Mwaka 2023, baada ya kipindi cha korona ambapo majimbo hayakuruhusiwa kumwondoa mtu kwenye Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, uhuishaji wa kawaida ulianza tena. Zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa. Takriban saba kati ya kila kumi hawakuondolewa kwa kuwa walikutwa wana kipato kikubwa. Waliondolewa kwa sababu za kiutaratibu: fomu haikurudi, barua haikufika, karatasi moja ilikosekana. Septemba mwaka huohuo ikabainika kwamba mifumo ya kompyuta ya karibu majimbo 30 ilikuwa inakagua kaya nzima badala ya kumkagua kila mtu peke yake, hivyo mtoto aliyestahili aliondolewa kwa sababu ya karatasi ya mzazi wake. Karibu watu nusu milioni, wengi wao watoto, ikabidi warudishiwe bima. Hawa hawakuwa wadanganyifu wala wazembe. Kwa hiyo unapoona kadi imegoma, usianze kwa kujilaumu.

Watafiti wa sera wanaochunguza urasimu huu huutazama kama gharama ambazo mtu mwenye shida analipa bila kuonekana kwenye risiti yoyote. Kuna gharama ya kujua: msaada upo, unahitaji nini, tarehe ni ipi. Kuna gharama ya kutimiza: fomu, nauli, saa za kusubiri kwenye simu, siku ya kazi unayoikosa. Na kuna gharama ya moyo: kuulizwa mara kwa mara mambo ya nyumbani kwako kama mtu anayeshukiwa. Chukua ile simu yako ya usaili. Kwa mfanyakazi wa ofisi mwenye meza yake na saa za kazi za mchana, ni dakika ishirini. Kwako ni kuamshwa katikati ya usingizi wa baada ya zamu na namba isiyoonekana, ambayo tumeonywa sote tusiipokee kwa sababu ya matapeli. Sheria ni ileile, simu ni ileile, ila bei unayolipa wewe si anayolipa yeye.

Na hapo rangi inaingia bila kutajwa, kwa sababu Marekani zile hali zinazopandisha bei ya urasimu hazikugawanywa kwa bahati nasibu. Kuhamahama nyumba za kupanga, kazi za zamu zinazobadilika kila wiki, kutokuwa na mtandao wa uhakika nyumbani, ofisi iliyofungwa ikabaki ya mbali: hayo yanawaangukia zaidi Wamarekani Weusi, Walatino, Wahindi Wekundu, na sisi tuliokuja juzi tukaishi mitaa ileile na kufanya kazi zilezile. Ofisi za Social Security, mfuko wa serikali kuu wa pensheni na malipo ya ulemavu, zilipofungwa sehemu mbalimbali, wachumi walipima kilichotokea katika maeneo yaliyozizunguka, wakakuta waliopata malipo ya ulemavu wamepungua kwa asilimia 16, na walioumia zaidi ni wenye elimu ndogo na mishahara midogo. Ulemavu haukupungua katika maeneo hayo. Kilichopungua ni watu walioweza kulifikia dirisha.

Hayo peke yake yangetosha kuleta tofauti hata kama kila ofisa angekuwa na moyo safi. Lakini jirani yako alitaja bibi yake, na kuhusu bibi yake historia iko upande wake.

Sheria ya Social Security ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Haikutaja Weusi popote, ila karibu thuluthi mbili ya wafanyakazi Weusi walijikuta nje. Wanahistoria bado wanabishana kama wabunge wa Kusini walikusudia hivyo au wasimamizi waliona ni vigumu kukusanya makato katika kazi hizo. Matokeo hayana ubishi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliwaahidi askari waliorejea mikopo ya nyumba na biashara, lakini mkopo ulipitia benki na ofisi za mahali. Mwaka 1947, katika miji 13 ya Mississippi, mikopo iliyodhaminiwa ilikuwa 3,229. Miwili tu iliwaendea askari Weusi.

Msaada wa kina mama wenye watoto nao uliachiwa majimbo, yakaweka masharti ya "nyumba inayofaa". Nani anasema nyumba hii inafaa? Ofisa. Mwaka 1960 Louisiana iliwaondoa watoto wapatao 23,000 kwa sharti hilo, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa Weusi. Katika majimbo kadhaa maofisa walibisha hodi usiku wa manane kutafuta dalili za mwanamume ndani ya nyumba ya mama anayepokea msaada. Kanuni ya Alabama ya aina hiyo ilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1968 tu. Jirani yako akikuambia bibi yake aliogopa kugongewa mlango, mwamini.

Mwaka 1996 msaada huo wa fedha taslimu ukafanyiwa mageuzi, ukaitwa TANF, na majimbo yakapewa fungu la fedha pamoja na uhuru mkubwa wa kuweka masharti. Mwaka ule, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zinasaidiwa. Miaka ya karibuni ni 21 hivi. Watafiti walipolinganisha majimbo, waliona kwamba pale ambapo sehemu ya Weusi miongoni mwa wanaosaidiwa ni kubwa zaidi, ndipo masharti na adhabu zilipowekwa kali zaidi. Mississippi, ambako wengi wa wanaopokea TANF ni Weusi, mwaka 2016 watu zaidi ya 11,700 waliomba na 167 wakakubaliwa. Baadaye wakaguzi wa hesabu wakagundua kwamba zaidi ya dola milioni 77 za fedha za ustawi wa jamii za jimbo hilohilo zilitumika isivyostahili, na dola milioni 5 ziliingia kwenye ujenzi wa ukumbi wa voliboli wa chuo kikuu. Mama alidaiwa kila karatasi. Fedha zenyewe zilipita bila kuulizwa. Hili linanikasirisha, na sioni sababu ya kuficha.

Kisha kuna mtu wa dirishani. Huko Florida watafiti waliwapa maofisa wa TANF visa vya kubuni, vyenye maelezo sawa, wakibadilisha majina tu ili mteja aonekane Mweusi au Mzungu. Kisa kilipotaja kwamba mteja aliwahi kuadhibiwa huko nyuma, maofisa walielekea zaidi kupendekeza adhabu alipokuwa na jina la Mweusi; kwa mteja mwenye jina la Kizungu, doa lilelile halikuleta tofauti ya maana. Maofisa hao pengine wangekuambia kwa dhati kwamba hawabagui, nami nisingewaita waongo. Wana mafaili mengi na muda mfupi, kwa hiyo sehemu inayohitaji busara yao inajazwa na picha waliyo nayo kichwani tayari. Kadiri kanuni zinavyokuwa nyingi na zenye kutegemea "uamuzi wa ofisa", ndivyo picha hiyo inavyopata nafasi.

Sasa unganisha haya na mali. Kwa takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022, kaya ya kati ya Wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya Weusi dola 44,900. Familia yenye akiba ikikatiwa msaada mwezi mmoja kwa kosa la karatasi, inachota akiba na maisha yanaendelea. Familia isiyo na akiba inachukua mkopo wa riba kubwa unaokatwa siku ya mshahara, au inachelewesha kodi. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba anafungua kesi ya kuwafukuza. Kesi hiyo inabaki kwenye kumbukumbu, na nyumba inayofuata inapatikana kwa shida, kwa dhamana kubwa, mtaa wa mbali zaidi na kazi. Halafu anwani inabadilika tena, na barua inayofuata inapotea tena. Ndiyo maana nasema urasimu huu unazaliwa na pengo la mali na papo hapo unalizidisha. Wewe umekosa barua moja. Hesabu mwenyewe umekopa kiasi gani tangu siku ile.

Niseme na hili la kwetu. Katika mikusanyiko yetu husikika maneno kwamba Wamarekani Weusi ni wavivu wanaoishi kwa misaada, na kwamba sisi si kama wao. Maneno hayo si ya kweli: kundi kubwa zaidi kati ya wanaopokea SNAP ni Wazungu, na sehemu kubwa ya wanaopokea ni watoto, wazee na walemavu. Pia yanatudhuru, kwa sababu masharti yaliyowekwa kwa kumshuku jirani yako ndiyo yaliyoikata kadi yako.

Upande wa pili nao unastahili kusemwa kwa haki. Si kila fomu iliyopotea ni ubaguzi, na Wazungu maskini wanaumia kwenye mlango huohuo. Mwaka 2018 Arkansas, jimbo lenye Wazungu wengi, ililazimisha baadhi ya watu wa Medicaid kuthibitisha kila mwezi kwamba wanafanya kazi. Mwanzoni taarifa ilipokelewa kwa mtandao tu, na tovuti ilikuwa inafungwa kuanzia saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Ungekuwa huko, dada, na zamu yako, sijui ungeingia saa ngapi. Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla jaji hajasimamisha mpango huo Machi 2019. Utafiti ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa tayari walikuwa wanatimiza sharti au walistahili kusamehewa, na ajira haikuongezeka.

Je, ukaguzi ufutwe kabisa? Hapana. Fedha ni za umma, na kuna matapeli, wakiwemo wanaoiba namba za kadi za chakula za watu kama wewe. Lakini uhakiki unaweza kufanywa na serikali kwa kumbukumbu za mishahara ambazo tayari inazo, badala ya kumtwika mama ushahidi uleule kila baada ya miezi sita. Mwaka 2021 ruzuku ya watoto inayotolewa kupitia kodi ya mapato iliongezwa na kuingizwa kila mwezi kwenye akaunti za familia nyingi bila fomu mpya. Umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, na pengo kati ya watoto Weusi na Wazungu likapungua. Mpango ulipokwisha, umaskini ukapanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022. Sehemu kubwa ya mafanikio yale ilitokana na ukubwa wa fedha zenyewe, siwezi kuupa upungufu wa karatasi pekee sifa hiyo. Hata hivyo zilifika.

Kwa bahati mbaya upepo sasa unavuma kwingine. Sheria ya Julai 2025 inataka watu wazima wengi walioingia Medicaid kupitia upanuzi wa bima hiyo wathibitishe saa 80 za kazi kwa mwezi kuanzia Januari 2027, au mapema zaidi jimbo likitaka, na wahuishe kila miezi sita. Kama mmoja wenu yumo, anza leo kuhifadhi stakabadhi za mshahara kwa mpangilio wa miezi.

Kuhusu kushtaki kwa ubaguzi, nisikupe matumaini hewa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2001 katika kesi ya Alexander dhidi ya Sandoval, mtu binafsi hawezi kushtaki chini ya sheria ya haki za raia ya 1964 kwa kuonyesha tu kwamba kanuni inawaumiza zaidi watu wa asili fulani. Lazima athibitishe kusudio. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Wizara ya Kilimo, ambayo ndiyo inayosimamia SNAP, ndani ya siku 180, hasa kama ulinyimwa mkalimani, na ningekushauri uyapeleke ili yabaki kwenye kumbukumbu. Ila hayatarudisha chakula mezani wiki hii.

Kinachoweza kurudisha chakula ni rufaa ya kawaida. Una siku 90 tangu msaada ukatwe kuomba kikao cha rufaa, na maombi yanaweza kuwa ya mdomo kwa simu. Kuna tofauti moja ambayo watu wengi hawaambiwi. Ukikatiwa katikati ya kipindi chako na ukakata rufaa kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye taarifa, malipo yanaendelea mpaka uamuzi utoke, ingawa ukishindwa utadaiwa. Kipindi kikishakwisha chenyewe, kama kilivyokwisha chako, malipo hayaendelei wakati wa kungoja. Ndiyo maana nimekuhimiza fomu kwanza, rufaa pili. Na kama ulishawapa anwani mpya nao wakatuma kule kwa zamani, kosa ni la ofisi, na unaweza kudai ulichopoteza kirudishwe. Kama hukuwapa, watasema jukumu lilikuwa lako. Usibishane sana na hilo, badilisha anwani sasa, kwenye SNAP na kwenye Medicaid kila moja peke yake.

Kuna mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi, na unahitaji kukaa uso kwa uso na wakili wa ofisi ya msaada wa kisheria ya bure katika eneo lako. La kwanza ni ukipokea barua inayosema umelipwa zaidi au umedanganya. Wakati mwingine huja na karatasi ya kukubali kuacha haki ya kikao, na ofisa atakuambia ukisaini mambo yataisha. Usisaini kabla wakili hajaisoma, kwa sababu kosa la kwanza la aina hiyo linaweza kukufungia SNAP miezi 12. La pili ni kama kuna mtu nyumbani ambaye bado hana uraia wala kadi ya ukaazi, maana sheria ya 2025 iliwatoa wakimbizi wasio na kadi hiyo kwenye SNAP, na kwake fomu iliyojazwa vizuri haitasaidia kitu. La tatu ni kama mwenye nyumba ameshafungua kesi ya kodi.

Ukienda, nenda na kila barua uliyopokea kutoka ofisi ya SNAP, pamoja na ile iliyotumwa nyumba ya zamani kama waliohamia huko bado wanayo, na ubebe pia bahasha zake, kwa sababu muhuri wa posta ndio unaoonyesha barua iliondoka lini.